KAA: NENO MOJA, MAANA TATU, NA UGONJWA UNAORUDI

Katika ukurasa huu wa somo tumezoea ngeli, tamathali za usemi na methali. Leo nataka tusome vitawe, yaani maneno yanayoandikwa na kutamkwa sawasawa lakini yana maana zaidi ya moja. Nimechagua kimoja tu: kaa.

Sikukichagua ovyo. Nyumbani kwetu tuna jambo ambalo tumelitafutia maneno kwa miaka kadhaa, na kitawe hiki kimenisaidia kulieleza. Jambo lenyewe ni saratani inayotibiwa, ikatulia, kisha ikarudi. Anayeugua ni shangazi yangu, dada ya baba. Ni fundi wa cherehani hapa sokoni Bungoma, na huenda hata sare uliyovaa aliikata yeye. Ameniruhusu niandike kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake wala la hospitali. Nimekubali. Haya, tuanze.

1. KAA, MNYAMA WA NGELI YA A-WA

Kaa wa kwanza ni yule mnyama wa baharini mwenye magando, anayetembea upande upande. Wengi wetu huku magharibi tumemwona vitabuni tu. Hata hivyo tunamtaja mara nyingi bila kujua. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni kaa. Ndiyo sababu katika unajimu nyota ya kaa nayo huitwa Saratani. Ukisema kansa, umechukua neno la Kiingereza, ambalo lilitoka katika Kilatini, na maana ni kaa vilevile! Wote hao walifuata Wagiriki wa kale. Hippocrates, tabibu aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa. Inaelezwa kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wa titi ilionekana kama miguu ya kaa.

Sasa tuingie maabara kidogo. Sisi wa kidato cha tatu tunasoma mitosisi katika Baiolojia: seli moja hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne. Mwili wenye afya una breki. Kidonda kikishafunga, seli huacha kugawanyika. Saratani ni seli ambazo breki zake zimeharibika. Hugawanyika bila kuambiwa na hazifi wakati wake ukifika. Mbaya zaidi, seli chache zinaweza kuachana na uvimbe, zikaingia katika damu au limfu, zikasafiri hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na kukita huko.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Saratani ya titi ikihamia mfupani haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Ni ile ile ya titi iliyohama makao, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi. Mtu wa Bungoma akihamia Mombasa hawi Mdigo kwa sababu ya kupanda basi.

Shangazi aligundua uvimbe wa ukubwa wa punje ya njugu mwaka 2019, akioga. Desemba mwaka huo titi la kushoto liliondolewa pamoja na tezi za limfu za kwapani. Kuanzia Februari 2020 alitiwa dawa mishipani, zile tunazoziita kemo, mizunguko minane, mmoja kila baada ya wiki tatu. Baadaye akapigwa mionzi siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano. Mwisho akapewa tembe za kumeza kila siku kwa miaka, za kuzuia homoni iliyokuwa ikiilisha ile saratani.

Kemo hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Tatizo ni kwamba haichagui vizuri. Mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo na uboho wa mifupa pia vina seli za namna hiyo. Ndiyo maana nywele hudondoka, mdomo hutoka vidonda, na askari wa damu, yaani seli nyeupe, hupungua. Kwa hiyo homa kwa mtu aliye kwenye kemo ni ya kukimbiza hospitalini siku hiyo hiyo, si ya kumeza dawa ya maumivu na kulala ati utaona kesho. Na kumbuka huo ulikuwa mwaka wa korona. Matatu zilibeba abiria wachache na nauli ikapanda, na yeye akawa anasafiri mpaka Eldoret akitapika kwenye mfuko wa karatasi.

Tangu tezi zile zitolewe, mkono wake wa kushoto huvimba, kwa sababu maji ya limfu hayapati njia ya kurudi. Hapimwi presha kwa mkono huo wala hachomwi sindano. Bahati yeye hukata kitambaa kwa mkono wa kulia.

2. KAA LA MOTO, NGELI YA LI-YA

Kaa la pili ni kipande cha mkaa kinachowaka; kaa, makaa. Shangazi bado ana pasi ya makaa, maana stima sokoni hupotea bila taarifa. Jioni hulifunika kaa moja kwa majivu. Asubuhi ukichungulia utaona majivu matupu, meupe na baridi. Hebu pulizia. Utashangaa.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa ile hali inayokuja baada ya matibabu, wakati picha hazionyeshi kitu na mgonjwa ananenepa tena. Hebu tufanye hesabu. Uvimbe wa sentimita moja hukadiriwa kuwa na seli kati ya milioni 100 na bilioni moja. Anza na seli moja, uizidishe kwa mbili, na tena kwa mbili, mara 30. Utapata 1,073,741,824. Maana yake ni kwamba kaa hujigawanya kama mara 30 kabla ya kufikia ukubwa ambao mtu anaweza kuugusa akioga. Sasa tuseme matibabu yameua karibu zote, zikabaki seli elfu moja zimejificha mahali. Hakuna mashine ya picha itakayoziona. Kwa hiyo daktari akisema, "Picha ni safi," anasema ukweli, lakini ni ukweli wa kile ambacho picha inaweza kuona.

Tena nguvu za mwili si ushahidi. Kijana mmoja wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 18, kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia ili kuchangisha pesa za utafiti. Alikimbia siku 143, jumla ya kilomita 5,373. Ukigawanya utapata zaidi ya kilomita 37 kwa siku! Tarehe 1 Septemba alilazimika kusimama. Saratani ilikuwa imejitokeza mapafuni. Alifariki tarehe 28 Juni 1981 akiwa na miaka 22. Hapa kwetu tunamkumbuka Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom. Alikwenda Uingereza mwaka 2017 kutibiwa saratani ya damu, akarudi kazini Julai 2018, nasi tukafurahi. Alifariki tarehe 1 Julai 2019.

Lakini tusitishane bure, msomaji. Si kila kaa lililofunikwa huwaka tena, na saratani hazifanani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya watoto inayovimbisha taya. Eneo letu hili la kuzunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yake. Saratani hiyo hukua upesi mno, ila ikitibiwa vizuri watoto wengi hupona kabisa, na ikiwa itarudi, aghalabu hurudi mapema, ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto akivuka muda huo, mama yake anaweza kupumua. Saratani ya titi inayolishwa na homoni ni mwenda pole. Yaweza kulala miaka mitano, kumi, hata ishirini. Wako wanawake wengi ambao haikuwarudia hadi walipozeeka na kufa kwa mambo mengine. Ugumu ni kwamba hakuna anayepewa cheti cha kuonyesha yeye yuko kundi gani.

3. KAA, KITENZI

Kaa la tatu ni kitenzi: kukaa mahali, kukaa na mtu, kukaa na jambo.

Mwaka 2023 shangazi alianza kuumwa na mgongo. Alidhani ni kuinama kwenye cherehani. Maumivu yalipoanza kumwamsha usiku, alirudi kliniki, akapigwa picha, na ikaonekana kwamba ile ya titi imekita kwenye uti wa mgongo. Daktari alimweleza bila kuzunguka: ikishafika mifupani, kwa kawaida haiondolewi kabisa, lakini inaweza kudhibitiwa, na wako wanaokaa nayo miaka mingi. Alipigwa mionzi ya siku tano mgongoni, na maumivu yakapungua mpaka akaweza kulala chali. Tembe za zamani zikabadilishwa. Akaanza kuwekewa dripu ya kuimarisha mifupa.

Na kila baada ya miezi minne, picha.

Nieleze picha ya mifupa inavyofanyika, maana wenzetu wa kidato cha nne wanaosoma unururifu katika Fizikia watapenda. Mgonjwa huchomwa sindano yenye chembe kidogo sana ya dawa inayotoa miali, iitwayo teknishiamu 99m. Anasubiri kama saa tatu akinywa maji mengi, huku dawa ikienda kukaa pale ambapo mfupa unajijenga kwa kasi isiyo ya kawaida. Kisha analala chini ya kamera inayopokea miali hiyo. Dawa hii hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita. Baada ya saa 12 inabaki robo. Baada ya saa 24 inabaki sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana siku hiyo shangazi hambebi mtoto wa jirani, na jirani ameshaelewa hajakasirikiwa.

Sindano haimsumbui. Kinachomsumbua ni siku za kungoja. Nyumbani tunaziita wiki ya picha. Utaijua kwa dalili. Hapokei kitambaa kipya ambacho kitahitaji kumalizika baada ya siku ya majibu. Anawamalizia wateja wote wa zamani, hata wale ambao hawajalipa. Anarudisha sufuria za watu. Chumvi ikizidi kidogo ni ugomvi, ikipungua ni ugomvi. Akiumwa na kidole cha mguu anauliza, "Unadhani imefika huku?" Nasi tunajifunza kutojibu haraka.

Siku ya majibu kuna maneno matatu tu tunayoyangoja: imepungua, imetulia, au imeongezeka. Zamani nilifikiri "imetulia" ni habari baridi, kama alama C. Kumbe kwa mtu anayekaa na ugonjwa, "imetulia" ni sherehe. Jioni hiyo kwetu hupikwa chapati, na kesho yake shangazi anapokea vitambaa tena. Mara nne mfululizo sasa tumekula chapati. Mara moja, kabla ya hizo, tuliambiwa imeongezeka, tukanywa chai kimya, dawa ikabadilishwa, na maisha yakaendelea kwa miezi minne mingine. Picha ijayo ni likizo ya Agosti.

4. MANENO TUNAYOYAHITAJI

Sasa nifike pale nilipokuwa naenda. Unaweza kusema, "Maneno ni maneno tu, mgonjwa anahitaji dawa." Ngoja nikuonyeshe vile neno moja linaweza kula pesa za dawa.

Januari 2020 palifanywa harambee ya matibabu ya shangazi. Watu walijaa uwanjani kwa babu na zikapatikana shilingi 186,000. Desemba mwaka huo, matibabu yalipokwisha, familia ilichinja mbuzi kutoa shukrani. Shangazi akasimama mbele ya watu akasema, "Nimepona." Hakudanganya. Picha zilikuwa safi, nasi lugha yetu ya kila siku ilimpa maneno mawili pekee: mgonjwa na aliyepona. Hakuwa mgonjwa tena, basi akachukua lile lililobaki.

Ilipofika 2023, tukaitisha harambee ya pili. Walikuja wachache. Mzee mmoja aliuliza waziwazi, "Si tulichanga na ukapona?" Wengine walinong'ona kwamba imani yake imelegea, au kwamba kuna jambo alilofanya. Zilipatikana shilingi 41,350. Baba aliuza ndama, na shangazi akauza cherehani yake ya pili, ile ya kudarizi. Jioni hiyo tulipokuwa tukikunja viti, shangazi aliniambia, "Mwanangu, mimi sikupona. Nilipumzishwa."

Siwalaumu watu wale. Mtu aliyeambiwa kwamba deni limelipwa lazima ashangae akidaiwa tena. Lakini lau tungalikuwa na neno la katikati, na tukalitumia mapema, pengine wangalikuja tayari kwa safari ndefu. Neno hilo Kiswahili kinalo. Napendekeza sisi wanachama tuanze kulitumia, na tuwafundishe walio nyumbani. Nimeyapanga hivi:

(a) Ahueni: dalili zimepungua au zimetoweka, na picha zimepungua au ni safi, lakini uchunguzi unaendelea. Yaweza kuwa ahueni ya sehemu au ahueni kamili.

(b) Ugonjwa umetulia: upo, lakini haukui.

(c) Ugonjwa umerudi: ulikuwa hauonekani, sasa unaonekana, pale pale, jirani yake, au mbali.

(d) Kupona: neno hili tuliache kwa daktari, tena baada ya muda unaofaa kwa saratani ile.

Mwaka huu, kabla ya mchango mdogo wa nauli na vipimo, shangazi aliniomba niandike tangazo la kusomwa kwa jumuiya. Niliandika hivi: "Ndugu zetu, dada yetu hajapona na hatumtarajii apone kabisa. Ugonjwa umetulia kwa sababu ya dawa. Tunaomba mchango ili uendelee kutulia." Shangazi alilisoma mara mbili, akasema, "Ongeza kwamba bado nashona." Nikaongeza. Sitakuambia kwamba pesa zilimiminika. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kiwango chake cha mwisho kwa mwaka, na kikiisha ni sisi. Lakini safari hii hakuna aliyeuliza, "Si ulipona?" Yule mzee wa 2023 alileta shilingi mia tano na kitambaa cha suruali.

5. TUISHI NAO VIPI?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Usimuulize, "Nikusaidie nini?" ukangoja orodha. Chota maji, mpeleke kliniki, kaa naye kwenye benchi. Usimwambie "Utapona tu" kama huna hakika, mwambie "Niko hapa." Usimsimulie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Akiwa katika ahueni, mwache acheke bila kumkumbusha. Na wiki ya picha ikifika, mwache akasirikie chumvi. Kama ni mwenzako darasani ambaye mama yake ana kliniki, mnakilie maandishi ya siku hiyo bila kumfanyia maswali. Walimu wetu, sisi wa shule za kutwa tunalala na magonjwa ya nyumbani na kuja nayo asubuhi. Mkiona mtoto hana kazi ya ziada, kwanza muulizeni.

Na wewe mwenyewe ukihisi uvimbe usioeleweka, sema. Mficha maradhi kilio humfichua.

ZOEZI

1. Tunga sentensi tatu kuonyesha maana tatu za neno kaa, kisha utaje ngeli ya kila nomino.

2. Kwa nini saratani ya titi iliyohamia mfupani haiitwi saratani ya mfupa?

3. Dawa ya picha hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita. Ni sehemu gani itakayobaki baada ya saa 18?

4. Jirani yako amemaliza kemo na picha zake ni safi. Andika salamu ya sentensi mbili utakayomwambia bila kutumia neno kupona.

5. Kuna kaa la nne, lililo mdomoni mwako, na ukilirudiarudia utalipata. Ni lipi?

Majibu mpelekee katibu wa chama kabla ya kufunga muhula. Atakayelipatia la nne kwa namna nzuri kuliko wote, shangazi ameahidi kumshonea mfuko wa vitabu. Majibu ya picha ya Agosti yakitoka vizuri atashona miwili.